Uzoefu Haulipi Keja

Wasee, mwaka jana nilitoa video inaitwa "Digrii Tano Zitakazokufanya Uuze Smokie." Wengi wenu mliiona. Mlicheka, mkaisambaza, mkawatumia marafiki zenu wa chuo. Akiolojia niliiweka namba moja. Nilisema hivi: "Umesoma miaka minne kutafuta vitu vilivyopotea, sasa aliyepotea ni wewe." Komenti zikajaa vicheko.

Usiku huo binamu yangu alinitumia ujumbe wa neno moja: "Asante."

Binamu yangu ana digrii ya akiolojia. Anakaa kwetu hapa Nyalenda, upande wa Pandpieri, tangu amalize chuo. Asubuhi anamsaidia mathe kupanga nyanya na osuga kwenye kibanda, jioni anatuma maombi ya kazi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ile video niliirekodi chumba cha mbele, yeye akiwa nyuma ya pazia. Alisikia kila neno, hata zile mara tatu niliporudia ule mzaha ili utoke vizuri.

Sijaifuta. Kufuta ni kujifanya haikutokea. Leo nataka kusema nilikosea wapi. Hasira yangu ilikuwa sawa, shabaha ndiyo ilikuwa mbaya. Niliilenga digrii, na mwenye makosa alikuwa amesimama kando akitabasamu. Jina lake ni kazi ya bure.

Na kabla hujaandika "wewe uliacha chuo, unajua nini": ni kweli, niliacha mwaka wa pili karo ilipomshinda mathe. Kwa hivyo sina digrii ya kumtetea mtu wala ya kumuuzia. Lakini nimekaa na huyu binamu yangu miezi mingi, nimesoma alichosoma, nimeona barua anazojibiwa, tumepiga hesabu pamoja. Hebu nisikilizeni.

Tuanze na uongo ambao hata mimi niliuamini, ati akiolojia ni mambo ya Misri na sinema za mzungu mwenye kofia na mjeledi. Ati hapa kwetu hakuna cha kuchimba isipokuwa mtaro wa maji taka.

Simama Dunga utazame ng'ambo ya ghuba. Upande ule ndiko kuna rasi ya Homa. Huko, mahali panapoitwa Nyayanga, watafiti walipata zana za mawe 330 pamoja na mifupa ya wanyama, wakiwemo viboko waliokatwa nyama kwa mawe kama hayo. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Utafiti ulitoka kwenye jarida la Science, Februari 2023, na ulisumbua vichwa dunia nzima, kwa sababu hapo hapo palipatikana meno mawili ya Paranthropus, tawi la jamaa zetu wa kale ambalo lilikatika na halikutuzaa sisi. Yaani huenda aliyeshika kisu cha kwanza hakuwa hata babu yetu. Na timu ilifikaje kwenye shamba hilo? Mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi nao ndiye aliyewaambia waende waangalie mawe na mifupa iliyokuwa ikitokeza ardhini. Ni macho ya mtu wa hapa.

Kuna Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Kuna Koru na Songhor, upande wa Muhoroni, ndani ya kaunti yetu hii hii. Kuna Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji na bado zimesimama, ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuna michoro ya mapangoni Mfangano.

Halafu kuna Urewe. Hiki ni kijiji cha Siaya. Vyungu vya kale vilivyotambuliwa huko vilikuja kupatikana pia Uganda, Rwanda, Burundi na Kagera, na kote vinaitwa kwa jina moja: Urewe. Mwanafunzi wa Kigali, wa Dar na wa London wote wanaandika jina la kijiji cha Siaya kwenye mtihani. Sisi tulio saa moja na nusu kwa matatu, tunalijua kwa nini? Wengi wetu hatulijui kabisa.

Basi shida si kukosa cha kuchimba. Twende kwa swali lenyewe: mtu akimaliza digrii, anapandaje?

Mnamjua Kamoya Kimeu? Huyu ndiye hadithi kubwa zaidi ya kazi hii Kenya. Hakuvuka shule ya msingi. Mwaka 1960 alianza kufanya kazi na Louis Leakey kama kibarua wa kuchimba. Akajifunza mifupa akiwa kazini, jua likimchoma, mwaka baada ya mwaka, hadi akawa kiongozi wa kikosi cha Wakenya kilichoogopwa kwa macho yao makali. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe. Kipande hicho kilikuwa mwanzo wa Turkana Boy, mifupa ya mvulana wa miaka milioni moja na nusu hivi, karibu mwili mzima. Mwaka 1985 alipewa medali ya National Geographic Ikulu ya Marekani. Mwaka 2021 chuo kimoja cha huko, Case Western Reserve, kikampa udaktari wa heshima. Alifariki 2022.

Watu husimulia hadithi hii wakisema "ona, bidii inalipa." Sawa. Lakini kuna kitu wanaruka. Kamoya alikuwa kibarua, na kibarua analipwa. Alijifunza huku akila. Alikosea huku akila. Heshima ilichelewa mno, udaktari ulimkuta mzee, na sisemi ukoloni ulikuwa na wema wowote. Nasema hivi tu: mwaka 1960, bendera ya Uingereza ikiwa bado juu, kijana asiye na cheti alilipwa ili ajifunze. Leo tuna bendera yetu, tuna vyuo vyetu, na kijana mwenye digrii anaambiwa ajifunze bure.

Hii hapa safari ya binamu yangu. Majina nayaacha, kwa sababu sitaki mseme ni ubaya wa ofisi moja. Ni mtindo.

Mlango wa kwanza: alijitolea miezi mitatu mahali fulani, akisafisha vigae, akiviandika namba, akiviingiza kwenye kompyuta. Kazi kamili, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwisho alipewa barua ya mapendekezo na keki.

Mlango wa pili: mradi wa uwandani, wiki sita. Chakula na hema vilikuwepo, kwa hivyo akaenda mbio. Wanakijiji waliochekecha udongo walilipwa kila siku, na hiyo ni haki yao, asiyeguse mtu. Yeye, mwenye digrii, aliyekuwa akishika daftari na kupima kina cha kila shimo, alipouliza kuhusu malipo aliambiwa, "Wewe unalipwa uzoefu." Alirudi Nyalenda amekonda na uzoefu wake.

Mlango wa tatu: zile shule za uwandani za kimataifa zinazofanyika hapa Kenya. Nzuri sana, zinafungua njia, lakini ada yake ni maelfu ya dola, na nafasi za ufadhili ni chache. Mashimo yako kwetu, udongo ni wetu, na mwanafunzi wa Ohio anaingia kirahisi kuliko wa Pandpieri.

Halafu tangazo la kazi yenye mshahara likitoka, linasema: masta, na uzoefu wa miaka mitatu. Ngazi ina kidato cha chini na kidato cha juu. Katikati pametobolewa.

Sasa hesabu. Keja ya mabati hapa mtaani, chumba kimoja, 3,000 kwa mwezi. Chakula, hata ukila omena na ugali kila siku, weka 200 kwa siku, hiyo ni 6,000. Nauli na bando 2,000. Jumla 11,000. Kujitolea miezi sita ni 66,000. Msee, hiyo huwezi kuiita kujitolea. Hiyo ni karo. Umemaliza chuo, umepiga picha na joho, lakini bado unalipa, na mara hii unalipa kwa kulala njaa.

Nani anaweza kulipa hiyo 66,000? Mtoto ambaye babake ana keja kumi za kukodisha. Basi huyo ndiye atabaki kwenye kazi. Hajawashinda wenzake kwa akili, ameweza tu kungoja. Baada ya miaka kumi tutauliza mbona wataalamu wote wanatoka mitaa ile ile, kana kwamba ni muujiza.

Na hasara si ya binamu yangu peke yake. Kwenye ule mradi, kulikuwa na mjadala kuhusu kigae chenye alama za mistari iliyojikunja. Wanafunzi kutoka ng'ambo walikuwa wakibahatisha: kucha? kijiti? sega? Binamu yangu alicheka, kwa sababu dani wetu alikuwa mfinyanzi. Dani alikuwa akisokota nyasi kuwa kamba fupi, anaiviringisha juu ya udongo mbichi wa dapi, na alama inatoka hivyo hivyo. Aliwaonyesha kwa nyasi za pale pale kambini. Kila mtu aliandika kwenye daftari. Maarifa ya dani yaliingia kwenye utafiti bure, yakipitia mikono ya mjukuu aliyefanya kazi bure. Sasa mjukuu huyo anapanga nyanya. Mradi ukirudi mwaka ujao, nani atawaambia?

Najua mtanijibu. Nimeshaona majibu matatu, kila mara ni hayo hayo.

La kwanza: "Kila mtu huanza bure. Hata fundi wa magari alianza kwa kushika spana." Hapana, tusidanganyane. Kijana anayejifunza ufundi pale Kibuye hupewa angalau ya lunch, jioni analala kwa mamake, na baada ya miezi michache anapiga vikazi vyake pembeni. Akijua kazi, anafungua yake chini ya mti. Mwanaakiolojia hawezi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inasema huwezi kuchimba bila leseni. Na ni sheria nzuri, bila hiyo kila mtu angefukua na kuuza. Lakini angalia maana yake. Kazi zingine mtu akifungiwa mlango anajifungulia wake. Hii, mlango ni mmoja, na ufunguo wameshika wachache. Ukishika ufunguo wa mlango pekee, ukamwambia kijana aingie afanye kazi, una deni la kumlipa. Huwezi kumzuia kujiajiri halafu ukatae kumwajiri.

La pili: "Hakuna pesa." Pesa iko, swali ni iko kwenye mstari gani wa bajeti. Mradi wa utafiti ukipata ufadhili, kuna mstari wa tiketi za ndege, kuna mstari wa magari, kuna mstari wa maabara ya kupima umri wa udongo. Mstari wa mhitimu wa Kenya, wa posho ya kila siku, ungekuwa mdogo kuliko tiketi moja. Wapo watafiti wanaouweka, wazungu na Wakenya, na hao nawapigia saluti. Wasiouweka waache kusema pesa hakuna. Waseme hawakutufikiria.

Halafu kuna pesa ya ujenzi, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kuelekea mwaka 2000, mradi wa umeme wa Sondu-Miriu ulipokuwa ukianza kwa mkopo kutoka Japani, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa walichunguza mahali panaitwa Wadh Lang'o, karibu na mto Sondu. Walikuta tabaka juu ya tabaka. Chini, wavuvi na wawindaji waliotengeneza vyungu. Juu yao, wafugaji. Juu yao, watu wa vyungu vya Urewe. Maelfu ya miaka ya ziwa letu kwenye shimo moja. Yaani mradi wa umeme ndio uliofanya watu waangalie chini kabla ya kufunika.

Hiyo ndiyo ajira ambayo chuo hakikuambii. Uingereza waliligundua hili zamani. Mwaka 1990 serikali yao ilitoa mwongozo wa ujenzi unaoitwa PPG 16, na wazo lake ni rahisi: anayetaka kujenga ndiye anayegharamia kuchunguza kilicho chini kabla hajakiharibu. Tangu hapo wanaakiolojia wengi wa huko hawako vyuoni. Wako na kampuni zinazotembea mbele ya tingatinga. Walipokuwa wakijenga ile reli mpya ya chini ya London, walifukua mifupa ya watu zaidi ya 3,000 kwenye makaburi ya zamani pale Liverpool Street, na waliofukua walikuwa wafanyakazi wenye mshahara. Wanaulalamikia kuwa mdogo, lakini upo.

Sisi tuna sheria ya mazingira tangu 1999. Mradi mkubwa lazima upate tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA. Benki ya Dunia nayo ina kiwango chake cha urithi wa kitamaduni kwa miradi inayoifadhili, kinachotaka kuwe na utaratibu wa kufuata mkichimba mkakutana na kitu cha kale. Sasa nenda usome ripoti za tathmini, nyingine ziko wazi mtandaoni. Nimesoma kadhaa. Kurasa nyingi za vumbi, kelele na vyura, halafu urithi unapewa aya moja: hakuna kitu cha kihistoria kilichoonekana. Nani aliangalia? Alitembea wapi? Alisomea nini? Kimya. Hiyo aya moja ndiyo kazi ya binamu yangu. Imeandikwa na mtu asiyejua kigae na changarawe ya kawaida.

La tatu: "Watu wana njaa, wewe unaongelea vyungu." Kwanza, binamu yangu pia ana njaa, kwa hivyo tunaongea kitu kimoja. Pili, kila msimu wa kura kuna mtu hupanda jukwaani kutuambia nani ni wa hapa na nani ni wa kuja, na vijana wa mitaa kama yetu ndio hutumwa kulipigania hilo kwa mawe. Nyalenda tunajua bei yake. Wadh Lang'o inasema wavuvi walikuja, wafugaji wakaja, wakulima wakaja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitambulisho chenye jina la kabila lako. Hiyo ni habari ambayo mtoto wa Kisumu anapaswa kuipata kabla ya kupewa jiwe. Ila mwenye kuisema lazima awe amelipwa, la sivyo hatakuwepo.

Basi nadai nini? Kitu kimoja: siku ya kazi ni siku ya malipo. Mwenye digrii akifanya kazi ya uwandani au ya maabara, apewe posho ya kila siku, nauli, na jina lake liandikwe kwenye ripoti. Ukitaka wa kujitolea, mchukue kwa siku mbili aone kazi, basi.

Kwa serikali za kaunti: fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kwenye orodha ya kazi zenu, mstari ule ule wenye kamari na leseni za pombe, pameandikwa pia makumbusho. Leseni za pombe mnazikumbuka kila Ijumaa usiku. Tunataka Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ziajiri wahitimu wa akiolojia wawili wawili, wa kupita kwenye kila mradi kabla ya tingatinga. Kaunti nne, vijana wanane. Kama tayari mnao, tuonyesheni ofisi yao, tutaenda kuwasalimia na kamera.

Kwa vyuo: kumpa mtoto miaka minne ya notisi na siku chache za kushika mwiko wa kuchimbia, halafu kumwambia soko linataka uzoefu, ni kumuuzia kiatu cha mguu mmoja.

Kwa wazazi, mama zetu na baba zetu, kwa heshima: mkisikia mtoto amesomea akiolojia, acheni kuuliza "hiyo ni kazi ya nini" mbele ya wageni. Ulizeni "nani anapaswa kukulipa na mbona hajakulipa?"

Na kwa nyinyi mlio na hiyo digrii mkononi sasa hivi, sitawadanganya kwamba ndoto inatosha. Haya ndiyo binamu yangu na mimi tumeona yanafanya kazi, au angalau hayali pesa yako.

Jifunze kitu ambacho mwingine pia atakilipia. Kutengeneza ramani kwa kompyuta: programu ya QGIS ni ya bure. Kupiga picha na kuchora vitu kwa vipimo. Hizi hata mpimaji wa ardhi anazihitaji, kwa hivyo ukikosa shimo hutakosa keja.

Fanya mafunzo ya tathmini ya mazingira na ujisajili NEMA kama mtaalamu, uanze ngazi ya chini. Jina lako likiwa kwenye orodha hiyo, ile aya moja ya urithi inaweza kuwa yako.

Usikimbilie masta kwa mkopo. Tafuta iliyofadhiliwa. Leakey Foundation ina ufadhili unaoitwa Baldwin kwa wanaosomea mambo haya kutoka nchi kama zetu, Wenner-Gren nao wana misaada yao. Mwandikie kwanza mwalimu unayetaka kusoma chini yake, na umwambie kitu kimoja unachokijua ambacho yeye hakijui. Kila mtu wa ziwa ana kimoja. Binamu yangu ana kamba ya nyasi ya dani.

Na usidhani mwisho wa safari ni ofisi ya makumbusho tu. George Abungu alikuwa mkurugenzi mkuu wa Makumbusho ya Taifa, kisha akafungua kampuni yake ya ushauri wa mambo ya urithi. Ushauri ni kazi. Unalipwa kwa kichwa chako.

Wengine wote ambao hamkusomea hii: ukichimba msingi wa nyumba au choo ukakuta chungu cha kale, jiwe lililochongwa au mfupa usioueleweka, sheria inakupa siku saba kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Kwetu Nyalenda ni kuvuka barabara ya Nairobi hadi Kisumu Museum, kwa mguu. Usivunje, usiuze, usitengeneze video ukikigonga na nyundo. Naongea na mimi mwenyewe pia.

Sasa, wiki hii. Binamu yangu amepata jumbe mbili. Moja ni ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Ring Road, kushika kaunta, 12,000 kwa mwezi, aanze Jumatatu. Nyingine ni nafasi ya "kujitolea" miezi sita kwenye mradi ambao anautamani kuliko kitu chochote. Alinionyesha zote mbili akaniuliza, "Wewe mtu wa video, unasemaje?"

Sikumwambia fuata ndoto. Ningekuwa mpumbavu mara mbili. Tulikaa kwenye kibanda cha mathe, tukaandika jibu la mistari minne. Anashukuru kwa nafasi. Anauliza posho ya siku ni ngapi. Anauliza nauli ya kwenda na kurudi inalipwa na nani. Anauliza kama jina lake litakuwa kwenye ripoti. Alisita sana kabla ya kubonyeza. Alisema wataona ana kiburi. Mathe, ambaye alikuwa akifunga osuga na hata sikujua anasikiliza, akasema, "Mimi mtu akiuliza bei ya nyanya sisemi ana kiburi."

Akabonyeza.

Hadi naandika hii hawajajibu. Jumatatu saa mbili asubuhi lazima awe na jibu kwa mwenye duka, na 12,000 ni chapaa halisi, hakuna wa kumlaumu akiichukua. Ila akiichukua, mjue ziwa hili limepoteza mtu anayeweza kusoma kigae, na limempoteza kwa pesa isiyofika tiketi ya ndege.

Ile video bado iko. Juu kabisa ya komenti nimebandika hivi: namba moja haikuwa digrii, namba moja ni kazi ya bure, na niliwacheka wasiostahili. Samahani, nyar dani.

Nanyi, kama umewahi kulipwa uzoefu, iwe uwandani, redioni, hospitalini, kwa wakili, popote, andika hapa chini. Kazi gani, miezi mingapi, ulitumia ngapi mfukoni mwako. Usitaje jina la mtu. Taja hesabu.